Aliyeahirisha masomo asirudishwe mwaka wa kwanza kwa sababu amehama chuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linalowagusa vijana wengi lakini halisemwi. Kila dirisha la udahili linapokaribia, kurasa za magazeti hujaa matangazo ya vyuo: kozi, ada, sifa za kujiunga, namba za simu za kuulizia. Matangazo yote hayo yanamwita mtu wa aina moja, yaani aliyemaliza kidato cha sita au stashahada na hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Sijaona linalomwita aliyekwisha kusoma miaka miwili akafaulu, akasimama kwa sababu inayoeleweka, na sasa anataka kumalizia katika chuo kingine kilicho karibu na anapoishi. Mimi ni mmoja wa hao. Ninachodai ni kwamba masomo niliyofaulu ni yangu, na kuahirisha kwangu, hata kukiunganishwa na kuhama chuo, kusiwe sababu ya kuyafuta.

Nimezaliwa Sengerema, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mwaka 2021 nilianza Shahada ya Uhasibu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, nikamaliza mwaka wa pili katikati ya 2023 bila sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja. Likizo ile ile mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alianza kuvimba miguu na uso, na hospitali ya Bugando jijini Mwanza wakatueleza kwamba figo zake zimeshindwa kazi. Anayesafishwa damu huenda hospitali mara tatu kwa wiki na kukaa kwenye mashine kama saa nne kila mara. Bima yake ya afya inalipia, na tunashukuru sana. Lakini akishuka kitandani ana kizunguzungu, lazima awepo mtu wa kumshika. Chakula chake hakina chumvi, ndizi anakula kwa kuhesabiwa, maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe. Baba alikwisha kutangulia mbele za haki. Wadogo zangu walikuwa shuleni. Na wakati ule kutoka Sengerema kwenda Mwanza mjini kulikuwa kuvuka na kivuko pale Busisi, ambako foleni ya magari ndiyo iliyoamua utafika saa ngapi. Nikaomba kuahirisha masomo.

Katika hilo chuo changu kilinitendea haki. Nilipeleka barua ya daktari, nikapewa barua ya kuahirisha mwaka mmoja, na ulipokwisha nikaongezewa wa pili. Nalisema wazi ili nisionekane nimekuja kulaumu tu. Kuondoka kulikuwa kwepesi. Ugumu ulikuja nilipotaka kurudi, kwa sababu mama bado yuko kwenye mashine na ataendelea kuwepo, kwa hiyo mimi siwezi tena kuishi Dar es Salaam. Jijini Mwanza vipo vyuo kadhaa vinavyofundisha uhasibu ngazi ya shahada, na masomo ya jioni si jambo geni. Tena tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 hivi, mtu wa Sengerema anaweza kumpeleka mgonjwa wake Bugando asubuhi, akaingia darasani jioni na akalala nyumbani kwake. Ziwa ndilo nililodhani kikwazo kikubwa, na serikali imeliondoa. Kilichobaki ni karatasi.

Chuo cha Mwanza nilichokiendea sitakitaja, na cha Dar es Salaam sitakitaja, kwa sababu wenzangu waliojaribu vyuo vingine wamenisimulia mambo yale yale. Mapokezi hayakuwa mabaya. Dada wa ofisi ya udahili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niandike barua ya maombi na kuambatanisha transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo, ya miaka yote miwili, barua ya chuo ninachotoka ya kutokuwa na pingamizi, na maelezo ya kila somo nililosoma: mada zake, saa zake, vitabu vyake na namna lilivyotahiniwa. Niliona ni ombi la haki. Chuo hakiwezi kumpokea mtu kisichojua alichosoma.

Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Ofisi ya mitihani ikanijibu kwamba transkripti hupewa mhitimu, na aliye katikati ya masomo huangalia matokeo yake kwenye akaunti yake ya mwanafunzi. Akaunti yangu ilikuwa imefungwa, kwa kuwa nimeahirisha na sina malipo ya mwaka husika. Nikaomba basi wanichapie matokeo hayo hayo na kuyagonga muhuri. Hilo, nikaambiwa, ni mpaka msajili aidhinishe, na msajili huidhinisha kwa mwanafunzi aliyesajiliwa mwaka huu au kwa aliyejitoa rasmi. Mimi sikuwa wa kundi hili wala lile. Ili nipewe matokeo yangu nilitakiwa kulipa ada ya mwaka ambao sitausoma pale, au kusaini fomu ya kujitoa. Kuhusu barua ya kutokuwa na pingamizi, niliambiwa nilete kwanza barua ya kukubaliwa na chuo kinachonipokea. Nikawapigia simu Mwanza. Wakajibu kwamba barua ya kukubaliwa haiwezi kutoka kabla hawajaona matokeo. Nimepigwa danadana ya namna hiyo hadi dirisha la kuhama likafungwa, na mwaka huu wa masomo umeanza bila mimi.

Fomu ya kujitoa inahitaji kuzungumziwa peke yake, maana najua wapo wasomaji walioiweka mezani sasa hivi wakitafakari. Katika nchi yetu mwombaji wa chuo hutambulika kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Namba hiyo humfuata kwenye udahili na humfuata hadi Bodi ya Mikopo. Akishadahiliwa na kuthibitisha, namba inasoma kwamba huyu ana chuo. Utaratibu huu ni mzuri, unamzuia mtu mmoja kushika nafasi mbili wakati mwenzake hana hata moja. Ila kwa aliyeahirisha unazaa hali hii: nikibaki mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mwanza hawawezi kunidahili kama mwanafunzi mpya. Nikijitoa Dar es Salaam, wataweza kunidahili, lakini mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, somo la utangulizi wa uhasibu, kana kwamba ile miaka miwili sikuwahi kuishi. Kati ya hayo mawili ipo njia ya tatu, ya kuhama na krediti zangu. Ipo kwenye miongozo. Nilichokosa ni afisa wa kuniambia njia hiyo inaanzia mlango gani.

Krediti zenyewe zina maana inayohesabika. Mfumo wa sifa za vyuo vikuu uliotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, unahesabu krediti 1 kuwa sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani darasani, maktaba, kazi za vikundi na mitihani kwa pamoja. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Kwa hiyo mimi nina krediti 240, ambazo ni saa 2,400 za kazi iliyofanyika, ikasahihishwa na walimu, ikapitishwa na seneti ya chuo kinachotambuliwa kisheria. Mfumo huo uliwekwa ili kazi ya mwanafunzi iweze kupimwa kwa kipimo kimoja popote alipo. Kama krediti haiwezi kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, sielewi tunaihesabu kwa ajili gani.

Wala jambo hili halijaishia ndani ya mipaka yetu. Tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana hapo hapo Dar es Salaam na kuitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Lengo lake lilikuwa mwanafunzi na sifa zake waweze kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine bila elimu yake kushuka thamani. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala limefanya kazi ya miaka mingi kulinganisha sifa za nchi hizi. Najivunia tamko lile. Kwa sababu hiyo hiyo naona uchungu kwamba binti wa Sengerema anakwama ndani ya nchi moja, wizara moja na tume moja, kwenye fani ambayo ndiyo nyepesi kulinganishwa kuliko zote.

Nasema nyepesi kwa sababu nazungumzia uhasibu. Nchi yetu inafuata viwango vya kimataifa vya utayarishaji wa hesabu tangu 2004, kwa uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Urari ninaoutoa Dar es Salaam unatakiwa kulingana pande zote mbili sawasawa na wa Mwanza. Mtahiniwa wa NBAA aliyesomea Mbeya na aliyesomea Arusha wanakaa mtihani ule ule, wa Mei au wa Novemba. Sheria za kodi ni za Bunge moja. Nikifaulu Uhasibu wa Gharama katika chuo kimoja, tofauti na chuo kingine itakuwa mada mbili tatu na mpangilio wa mihula. Mkuu wa idara mwenye nia anaweza kuziweka karatasi mbili sambamba akaona pengo liko wapi, na mimi nikalijaza kwa kusoma somo la nyongeza. Sijaomba nisamehewe pengo.

Niliwahi kuambiwa na afisa mmoja, kwa upole, kwamba shida yangu kubwa ni ile miaka miwili ya kukaa nje, kwa kuwa mtu akikaa nje elimu huchacha. Nataka kulijibu hilo kwa kirefu, maana naona ndilo lililojificha nyuma ya mambo mengine yote.

Miezi ya mwanzo ya ugonjwa wa mama sikufanya kazi nyingine. Baadaye, hali yake ilipotulia kidogo na tukapanga chumba Kirumba ili tusiwe tunavuka kila mara, mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni aliniomba nimwekee hesabu zake. Anayelijua soko la Mwaloni anajua kazi iliyopo. Dagaa wanaingia kutoka visiwani kwa mitumbwi na maboti, wanapangwa kwa magunia, wananunuliwa na wafanyabiashara wa mikoani na wa nje, wakiwemo wa kutoka Kongo ambao wengine hulipa nusu na kuacha nusu hadi safari ijayo. Mama huyu alikuwa na daftari tatu zilizoandikwa na watu watatu tofauti. Mzigo wa mkopo ulikuwa haujulikani umeishia wapi. Dagaa hupungua uzito wanapoendelea kukauka, kwa hiyo gunia lililopimwa Jumatatu halina uzito ule ule Ijumaa, na hakuna aliyeiandika tofauti hiyo kama gharama. Nilimfungulia leja ya wadaiwa, nikamtenganishia fedha ya biashara na ya nyumbani, nikaanza kuhesabu mzigo uliopo ghalani kila mwisho wa wiki, nikampangia risiti zake za EFD, zile za mashine ya kodi, kwa tarehe. Tulipokwenda TRA kwa ajili ya makadirio ya kodi, kwa mara ya kwanza alikwenda na karatasi zinazosema kitu.

Yote hayo niliyafanya kwa elimu ya mwaka wa kwanza na wa pili. Somo la thamani ya mali iliyopo ghalani nililifaulu darasani kwa kukariri kanuni, lakini nililielewa Mwaloni, nikiwa nimesimama mbele ya mizani. Sasa nirudishwe nikajifunze upya upande wa debiti na upande wa krediti, pamoja na wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita mwaka huu? Nitawapenda na nitakaa nao vizuri, lakini itakuwa hasara kwangu na kwa chuo. Kama chuo kina wasiwasi kwamba nimesahau, kinipe mtihani wa kupima. Nipo tayari kuufanya wiki yoyote, kwa taarifa ya siku moja.

Wengi wananishauri niende Chuo Kikuu Huria. Nakiheshimu sana chuo hicho. Kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kina vituo mikoani, na kimewapa shahada walimu, askari na wauguzi ambao vinginevyo wasingezipata. Huenda nami nikaishia huko na nitakwenda kwa moyo wote. Ila ushauri huu umekuwa kama kona ya kumsogeza kila mwenye shida. Aliyejifungua anaambiwa nenda Huria, aliyeugua nenda Huria, anayeuguza nenda Huria. Hata huko Huria nitahitaji matokeo yenye muhuri ya miaka miwili niliyosoma ili yahesabiwe, na matokeo hayo bado yamefungwa kwenye akaunti nisiyoweza kuifungua. Kwa hiyo kunipeleka mlango mwingine hakuliondoi tatizo la mlango huu.

Kuhusu mkopo nitasema kwa kifupi. Mimi ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo. Mwaka wa pili wangu ndio uliokuwa wa kwanza kwa fedha ya kujikimu ya shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500, na wanafunzi wenzangu wanakumbuka furaha ya siku ya kusaini bumu lile, yaani fedha hiyo ya kujikimu. Nilipoahirisha, mkopo ulisimama, na hiyo ni sawa. Lakini deni la miaka miwili halikusimama kuwa deni. Siku nitakapoajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara wangu kama sheria inavyotaka, na nitalipa. Naomba tu tuangalie faida ya taifa. Fedha ya umma ya miaka miwili imeshatumika kwangu. Nikimalizia mwaka mmoja au mmoja na nusu, taifa linapata mhasibu atakayelirudishia fedha yake. Nikianzishwa upya, ama taifa linikopeshe mara ya pili kwa masomo yale yale, ama nishindwe kulipa ada na liwe na mdaiwa asiye na cheti. Mkopo umetolewa kwa jina langu na namba yangu, kwa hiyo nikihama kihalali naomba uhame nami, na maafisa mikopo wa vyuo viwili wazungumze wao kwa wao badala ya mwanafunzi kubeba ujumbe kati yao.

Nakumbuka Novemba 2021, mwezi ule ule nilipokuwa nazoea maisha ya chuo, Wizara ya Elimu ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2 ulioruhusu wanafunzi wa shule waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi shuleni. Hosteli nzima tuliuzungumza. Ulikuwa waraka mfupi lakini ulibadilisha namna mkuu wa shule anavyomtazama binti aliyekuja getini na sare yake ya zamani. Alijua sasa ana maelekezo. Sisi wa vyuo tunahitaji kitu cha namna hiyo hiyo, maelekezo ambayo dada wa udahili anaweza kuyavuta kutoka kwenye droo akasema, wewe ni wa fungu hili, lete hiki na hiki, jibu lako utalipata tarehe fulani.

Sitaki kuwadharau wenye hofu. Vyuo vinaogopa kwamba mlango huu ukifunguliwa, waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli, kwingine watapitia humo wakisema waliahirisha. Ni hofu ya kweli. Dawa yake ni barua moja ya msajili inayosema mwanafunzi huyu aliondoka akiwa katika hali gani: amefaulu, ana masomo ya kurudia, au ameondolewa. Wapo pia wanaohofia kuwa mtu atasoma miaka miwili kwenye chuo kinachogawa alama kwa urahisi, kisha ahamie chenye jina akachukue shahada. Basi chuo kinachopokea kikubali krediti bila kuingiza alama zake kwenye GPA mpya, yaani wastani wa alama. Na kiweke sharti kwamba sehemu kubwa ya shahada, hata nusu, isomwe kwake, kama vyuo vingi duniani vinavyofanya. Kwa sharti la nusu, katika krediti zangu 240 zitapokewa 180, nami nitarudia kazi ya nusu mwaka. Nakubali. Nitarudia nusu mwaka bila kinyongo. Ninachokataa ni kurudia miaka miwili.

Namfahamu binti wa Geita aliyeahirisha kwa ajili ya kujifungua, akataka kuhamia chuo kilicho karibu na mama yake ili apate wa kumwachia mtoto. Alipochoka na danadana aliamua kusaini kujitoa, na sasa yuko mwaka wa kwanza tena, fani ile ile, akifundishwa mambo aliyokwisha kuwafundisha wenzake kwenye kikundi cha kujisomea. Yupo kijana tuliyekaa naye dawati moja, aliyeahirisha kwa kukosa ada, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu kutafuta fedha. Fedha aliipata. Chuo hakurudi, kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia ni mpaka aanze upya. Alikuwa na alama nzuri kuliko zangu kwenye Takwimu.

Ombi langu kwa wasajili wa vyuo vyetu ni dogo na halina gharama kubwa. Mwanafunzi anapopewa barua ya kuahirisha, apewe siku hiyo hiyo na matokeo yake yote yaliyopitishwa na seneti, yamechapwa na kugongwa muhuri, hata kama juu yake pataandikwa kwamba hii si transkripti ya mwisho. Vyuo viweke maelezo ya masomo yao kwenye tovuti, ili mtu asilazimike kumfuata mwalimu mmoja mmoja. Mimi nilisaidiwa na mwalimu wangu wa Takwimu, aliyenitafutia maelezo ya masomo ya idara nzima na kunitumia kwa barua pepe usiku, na Mungu ambariki, lakini hiyo haikuwa kazi yake. Kila chuo kitaje afisa mmoja wa kupokea wanaohama na krediti na kiseme atawajibu ndani ya muda gani. Kwa TCU naomba kalenda ya kila mwaka imtaje kwa jina mwanafunzi aliyeahirisha: lini aombe kuhama, wapi, na kwamba hatatakiwa kujitoa kabla ya kukubaliwa.

Na kwa mwenzangu anayefikiria kuahirisha hivi sasa, kwa ugonjwa, kwa uzazi, kwa ada au kwa kuuguza: kabla hujafunga begi, ingia kwenye akaunti yako uchape matokeo yote wakati bado inafunguka, na uombe idara ikugongee muhuri. Kusanya maelezo ya masomo kutoka kwa walimu wako ungali unaonana nao. Barua ya kuahirisha itoe nakala, moja iache nyumbani kwa mtu unayemwamini. Mjulishe afisa mikopo kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopokelewa. Fomu ya kujitoa usiisaini, hata ukihimizwa kwa lugha tamu, mpaka uwe na barua ya chuo kingine mkononi inayotaja mwaka utakaoanzia na krediti zilizokubaliwa.

Dirisha lijalo la udahili kwa kawaida hufunguliwa Julai. Maelezo ya masomo ninayo yote, barua zangu mbili za kuahirisha ninazo, barua ya daktari ninayo. Nimebakiza karatasi moja ya matokeo yenye muhuri, na nimeshaiandikia tena ofisi ya msajili kuiomba. Wakati huo mama atakuwa anaendelea na ratiba yake ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Jioni zangu zote ziko wazi kwa masomo.

Mwanafunzi wa Uhasibu aliyeahirisha,
Sengerema, Mwanza